Picha ya Mama Iko Wapi?

Siku tulipomzika mweka hazina wa umoja wa wanawake katika usharika wetu, hapa chini ya Mlima Kilimanjaro, familia yake ilihangaika kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Walipekua makabati, wakafungua albamu, wakawapigia simu ndugu wa Dar es Salaam na wa Arusha. Picha za harusi za watoto zilikuwepo. Za ubatizo na kipaimara zilikuwepo. Ya baba akipokea cheti cha kustaafu ilikuwepo, tena katika fremu. Lakini mama mwenyewe, kila alipoonekana, alikuwa nyuma kabisa, amebeba mtoto wa mtu mwingine, au uso wake umefichwa na sinia la chakula.

Mwishowe walichukua picha ya kitambulisho chake, ndogo kama stempu, wakaipeleka studio ikakuzwa. Ikatoka na ukungu, macho yamekodolewa kama ya mtu aliyeshtushwa usingizini. Mjukuu wake mdogo alisimama mbele ya jeneza akauliza kwa sauti iliyosikika kanisa zima: "Huyu ni nani?"

Jioni ile, tukiosha masufuria ya msiba, neno la mtoto halikututoka. Huyu mama alikuwa amepika katika sherehe za kila nyumba mtaani kwetu. Kila mmoja wetu akaenda kwake akafungua albamu yake na simu yake. Jumapili iliyofuata tulipokutana, majibu yalifanana. Simu zetu zilijaa mamia ya picha: watoto, wajukuu, mitindo ya kumwonyesha mshonaji, risiti za ada ya shule. Picha zetu sisi wenyewe, zinazoonyesha uso vizuri, zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wasomaji wapenzi, hivyo ndivyo kina mama sita, ambao mdogo wetu ana miaka 38 na mkubwa ana 66, tulivyojikuta tumekuwa wanafunzi wa kupiga picha.

Jumamosi nane

Hapa mjini ipo klabu ya wapenzi wa kamera. Wengi ni vijana, na wazee wachache walioanza enzi za filamu. Mmoja wetu aliona tangazo lao limebandikwa mlangoni mwa duka la vitabu: mafunzo ya picha za kidijitali kwa wasiojua kitu, Jumamosi nane, asubuhi. Ada haikuwa kubwa, lakini haikuwa ya kuokota njiani. Tuliuza chai na maandazi baada ya ibada kwa Jumapili tano hadi ikatimia.

Maneno hayakukosekana. "Mama na kamera, wapi na wapi?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa. Mume wa mwenzetu mmoja alisema mambo hayo tuwaachie watoto, maana wao wamezaliwa nayo. Hatukubishana. Tuliamka mapema, tukaacha uji mezani, tukaenda.

Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa yeyote kati yetu. Alitusalimu, "Shikamooni mama zangu," nasi tukaitikia, "Marahaba mwalimu." Somo lake la kwanza lilituchekesha. Kabla ya kugusa kitufe chochote, alisema, vaa mkanda wa kamera shingoni. Mama hanyanyuki na mtoto mgongoni kabla hajahakikisha amefungwa. Na kamera ni hivyo hivyo. Tukajua huyu ametufikiria kabla hatujafika.

Klabu ilituazima kamera mbili, na siku nyingine tulitumia simu zetu. Kamera yoyote, alisema mwalimu, kazi yake ni kukusanya mwanga. Ilikuwa hivyo zamani kwa filamu, na ni hivyo leo. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 huko Rochester, Marekani, na mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak aitwaye Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Picha hiyo, isiyo na rangi, ilikuwa na vinukta 10,000 tu, wakati simu ya leo ina mamilioni. Mtu wa kwanza kupigwa ili kuijaribu alikuwa dada mfanyakazi wa maabara ya jirani. Nywele zake zilionekana, ukuta nyuma yake ulionekana, lakini uso ulivurugika usijulikane ni wa nani. Dada yule aliondoka bila kuridhika, na mafundi wakarudi kurekebisha nyaya mpaka uso ukatokea.

Tulitazamana. Kumbe hata safari hiyo ilianza kwa mwanamke asiyeonekana uso!

Ndoo na bomba

Tulidhani hesabu zingetushinda. Mwalimu akaenda kwenye bomba la uani akachukua ndoo.

Picha nzuri, alisema, ni ndoo iliyojaa kiasi. Maji yakizidi yanamwagika, na picha inakuwa nyeupe mno. Yakipungua, picha inakuwa giza. Unaweza kuijaza ndoo kwa namna mbili: kulifungua bomba sana kwa muda mfupi, au kulifungua kidogo kwa muda mrefu. Upana wa bomba ndio tundu la lenzi. Muda wa kulifungua ndio kasi ya kamera.

Namba za tundu zilitusumbua kwanza, kwa sababu 2 ni tundu kubwa na 16 ni tundu dogo. Mweka hazina wetu mpya, ambaye huuza keki, ndiye aliyeliona jambo hilo. "Ni kama kukata keki," alisema. "Ukigawa mara mbili unapata kipande kikubwa. Ukigawa mara kumi na sita unapata cha kulamba tu." Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea. Tundu kubwa huacha uso uwe wazi na vitu vya nyuma viwe na ukungu laini. Tundu dogo huonyesha vyote, kutoka bibi harusi hadi mlima.

Kasi nayo tulijifunza kwa kwaya. Kwaya ikicheza, sehemu moja ya 500 ya sekunde husimamisha mguu hewani. Ukitumia sehemu moja ya 30, mikono inakuwa kama moshi, na hata pumzi zako zitaitikisa picha. Tena ipo namba ya tatu, iitwayo ISO, ambayo ni kama kuongeza masikio kwa mtu asiyesikia vizuri. Ukiiongeza gizani, kamera inaona zaidi, lakini picha inatoka na chengachenga kama unga wa dona.

Kosa halikuwa la nyuso zetu

Jumamosi ya tatu tulipiga picha nje, saa sita mchana. Matokeo yalitukatisha tamaa. Nyuso zilikuwa nyeusi tii, meno tu ndiyo yaliyoonekana, na anga nyuma ilikuwa nzuri kabisa. Mmoja wetu alisema kwa unyonge, "Mimi sipendezi kwenye picha. Tangu zamani niko hivi." Wengine tukaitikia kwa vichwa. Ndiyo sababu ya wengi wetu kukimbia kamera.

Mwalimu aliweka kamera chini akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia.

Kamera haijui inachotazama. Hupima mwanga na kudhani kwamba dunia yote, ukiichanganya pamoja, ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye shela jeupe la bibi harusi, italififisha liwe kijivu. Ukiielekeza kwenye joho jeusi la mchungaji, itaangaza mpaka joho nalo liwe kijivu. Ukimsimamisha mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga linalong'aa, itaitazama anga na kumwacha mtu gizani.

Na enzi za filamu kulikuwa na zaidi ya hilo. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi zao kwa kadi maalumu yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, aliandika mwaka 2009 jinsi filamu zilivyorekebishwa zionyeshe rangi za kahawia vizuri zaidi. Miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyotoka katika matangazo.

Darasa lilinyamaza. Tulikumbuka picha za shule za miaka ya nyuma, picha za mama zetu, ambamo mtu hujulikana kwa gauni. Tulikuwa tumejilaumu bure. Hatukuwa na sura mbaya. Chombo kilipimwa kwa mtu mwingine.

Dawa yake si ngumu. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Mtu akiwa mbele ya mwanga, au amevaa nyeupe tupu, jumlisha. Mavazi meusi yakijaa picha, toa. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtu katika kioo, kisha sogeza alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ionekane ilivyo. Na kabla ya kugusa chochote, mgeuze mtu wako.

Kuutafuta mwanga

Hili la kumgeuza mtu ndilo lililochukua Jumamosi nyingi, na ndilo lililobadili macho yetu.

Kwetu, karibu na Ikweta, jua la saa sita liko utosini. Linatia vivuli machoni na kumfanya kila mtu aonekane amekasirika. Piga picha saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapofunika mlima na sisi tukalalamikia baridi, mpiga picha hushukuru: wingu ni kama shuka jeupe lililotandazwa juu, linaugawa mwanga sawasawa kwa kila uso.

Tulikwenda kwenye shamba la migomba tukidhani kivuli chake kitafaa. Nyuso zikatoka na rangi ya kijani, kwa sababu mwanga unaopita na kudunda kwenye majani hubeba rangi yake. Tulitoka hadi ukingoni mwa shamba, penye udongo mwekundu, na nyuso zikachangamka. Ndani ya nyumba, tulizima taa ya darini, tukamkalisha mtu pembeni ya dirisha. Na mahali pazuri kuliko pote hapahitaji gharama: mlangoni. Mtu akikaa hatua moja ndani ya mlango, akatazama nje, mwanga wa uani unamwangaza usoni na giza la ndani linabaki nyuma yake.

Tulianza kuyaona haya hata bila kamera. Kanisani, sokoni Kiboriloni, jikoni. Mmoja wetu alisema amekaa na mume wake miaka 29 na hakuwahi kugundua kwamba jicho lake la kushoto hucheka kabla ya la kulia.

Bibi aliyekataa

Kazi ya Jumamosi ya sita ilikuwa kumpiga picha mzee wa nyumbani. Mwenzetu mmoja alikwenda kwa mama mkwe wake, mwenye zaidi ya miaka 80, akiwa na kamera ya klabu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na hicho?"

"Nimetumwa na mwalimu nikupige picha."

Bibi akamtazama kwa muda. "Mmeona nakaribia kwenda. Mnatafuta ya kuweka juu ya sanduku."

Mwenzetu alirudi akilia. Kilichomliza zaidi, alituambia, ni kwamba bibi alisema kweli. Tangu msiba ule, sote tulikuwa tukiwatazama wazee wetu kama watu wa kukamilishiwa orodha.

Mwalimu hakumpa ufundi wowote. Alisema: "Mama, acha kamera nyumbani. Nenda umsalimie."

Alikwenda mara tatu bila kamera. Walichambua maharage pamoja, wakazungumza juu ya kahawa na juu ya bei, na juu ya dada yake bibi aliyeolewa mbali. Mara ya nne bibi mwenyewe aliuliza, "Leo tena hukuja na kile chombo chako?" Kilikuwa kwenye kikapu. "Basi ningoje nibadilishe kilemba."

Alichagua pa kukaa: mlangoni mwa stoo. Akakaa wima, mikono juu ya magoti, midomo imefungwa, kama walivyofundishwa wazee wetu katika studio za zamani, ambako picha ilikuwa jambo la heshima, si la kuchekacheka. Mwenzetu alipiga kumi namna hiyo. Ndipo kuku akaingia kwenye ungo wa maharage, na bibi akageuka kumfukuza, mkono umeinuliwa, kilemba kimekwenda upande. Hiyo ikawa ya kumi na moja.

Darasa zima tuliipenda ile ya kuku. Tulipomletea bibi zote mbili zimesafishwa, aliiweka ya kuku kando. "Hiyo ni yenu," alisema. "Hii ndiyo yangu." Akaishika ile ya kukaa wima, akaisogeza kwenye mwanga. Alikaa nayo kimya, kisha akasema polepole, "Kumbe nimefanana na mama." Mama yake alifariki bila kupigwa picha hata moja. Bibi alikuwa akimwona kwa mara ya kwanza tangu akiwa msichana.

Kwanza omba ruhusa

Tangu hapo tulijiwekea kanuni, na tunaishauri kwa kila nyumba. Anayepigwa picha ndiye anayeamua apigwe au asipigwe, na ipi ibaki. Mgonjwa kitandani, mfiwa anayelia, mama anayepokea msaada wa chakula kanisani: hao wasigeuzwe kuwa picha za kusambaza kwenye simu bila ridhaa yao. Jiulize kama ungependa wewe uonekane hivyo. Watoto nao hawawezi kujisemea, kwa hiyo usitume picha za mtoto akiogeshwa, wala picha ya mtoto wa mwenzio kabla ya kumuuliza mzazi. Hata sheria za nchi zimeliona jambo hili: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini Mkristo asingoje sheria imfundishe heshima.

Zisipotee

Picha iliyo ndani ya simu moja ni kama mbegu zote kuwekwa katika gunia moja. Simu huibiwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, hufa ghafla. Haya ndiyo tuliyofundishwa:

Kila mwezi, kaa na simu yako nusu saa. Futa zilizorudiwa na zilizotikisika. Bakiza chache unazozipenda.

Zilizobaki ziweke mahali pawili zaidi: kwenye kompyuta au kifaa cha kuhifadhia, na kwenye hifadhi ya intaneti, au kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.

Kila mwaka, safisha angalau picha kumi kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Miaka 30 ijayo jina litakuwa na thamani kuliko uzuri wa picha.

Usiibandike picha ukutani panapopigwa na jua, wala penye unyevu.

Na mwisho, mpe mtu mwingine kamera. Mama anayepiga picha zote hayumo katika picha hata moja.

Anayetuona

Jumamosi ya nane tulitundika picha zetu katika ukumbi wa usharika kwa kamba na vibanio vya nguo. Zilikuwa 24, zote za kina mama: mlangoni, dirishani, kwenye mashine ya cherehani, penye meko. Yule mzee wa kanisa alipita polepole, akasimama mbele ya picha ya mke wake. Alirudi kuitazama mara ya pili. Hakusema kitu, ila Jumapili iliyofuata aliuliza mafunzo mengine yataanza lini.

Kwa mwenzetu tuliyemzika tumechelewa. Tulipekua kadi za simu zetu za zamani, tukatafuta katika picha za harusi na za vikao, tukitumaini amejitokeza mahali. Tulipata mkono wake, tulioutambua kwa pete, ukigawa chakula. Tumeusafisha mkono huo, tukampelekea mjukuu, tukamweleza ni wa nani na ulifanya nini.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, Hajiri mjakazi yuko peke yake jangwani, mjamzito, amekimbia nyumba ambayo alionekana kwa kazi yake tu. Huko penye chemchemi Mungu anamkuta na kumwita kwa jina, naye anatambua kwamba yupo Mungu anayemwona. Huyo hahitaji picha ili amjue mama aliyekaa nyuma na sinia. Sisi ndio tunaohitaji kufundishwa kutazama, na tumeona kwamba hata kamera ya kuazima inaweza kusaidia.

Dada mpendwa, leo jioni fungua albamu yako. Ukikuta haumo, usingoje msiba. Mwite mwanao, kaa mlangoni, geukia mwanga.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nani nyumbani kwenu au katika usharika wenu ambaye hutumika sana lakini haonekani katika picha?
2. Je, umewahi kusambaza picha ya mtu bila kumuuliza? Ungefanya nini leo?
3. Kwa nini wengi wetu husema hatupendezi kwenye picha? Maneno hayo tuliyapata wapi?